Albamu ya kwanza ya Gorki (1992): je, inaweza kuadhimishwa jukwaani bila Luc De Vos?

#1 Mto Leie (Gent)

Wakuu, salaam kwenu. Miaka hii bendi zinazoimba kwa Kiholanzi, za Uholanzi na za Flanders (upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi) pia, zimeshika desturi ya kuadhimisha albamu ya zamani, hasa ile ya kwanza, kwa kuipiga jukwaani yote, wimbo baada ya wimbo, kwa mpangilio uleule uliochapwa nyuma ya jalada. Waliokuwa vijana albamu ilipotoka hurudi ukumbini wakiongozana na watoto wao.

Kila desturi hiyo inapotajwa, mimi huikumbuka albamu moja. Ni "Gorky" ya mwaka 1992, albamu ya kwanza ya bendi ya Gorki ya hapa Gent, yenye "Anja", "Lieve kleine piranha", "Soms vraagt een mens zich af" na "Mia". Kwa maoni yangu hakuna albamu nyingine ya Kiholanzi ya upande huu wa mpaka iliyokaa midomoni mwa watu kiasi hicho. Lakini aliyeitunga na kuiimba, Luc De Vos, alifariki tarehe 29 Novemba 2014 akiwa na miaka 52, na bendi ikaishia hapo.

Dai langu ni kwamba albamu hii haiwezi kuadhimishwa kama zinavyoadhimishwa nyingine. Atakayepanda jukwaani na kuipiga yote atakuwa ameimba nyimbo za Gorki, na hilo ni jambo jema, ila hatakuwa ameirudia albamu. Nawaomba mnaoujua muziki huu mniambie kama nimekaza mno kamba.

#2 Binti Mrima (Rotterdam)

Umekaza mno, Mto Leie. Wimbo ukishatoka studio si wa koo moja tena. Wazee wetu waliimba tenzi ambazo watunzi wake walikuwa wamelala makaburini karne nzima, na hakuna aliyesema kwamba utenzi umekosa mwenyewe. Kama watu wa Gent wanaijua albamu hiyo kwa moyo, basi wao wenyewe ndio wa kuiadhimisha, na anayeshika kipaza sauti ni mwakilishi wao tu.

Nina swali ambalo hukuligusa: kwa nini iwe albamu ya kwanza na si zilizofuata? De Vos aliendelea kurekodi kwa takriban miaka ishirini baada ya hapo. Kama ni kumkumbuka yeye, kwa nini tumfungie mwaka 1992?

#3 Mwana Katanga (Brussels)

Nawasalimu wote. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, Ubelgiji niliifahamu kwa Kifaransa, na kwa miaka mingi muziki wa Kiholanzi ulikuwa kwangu ukuta usio na mlango. Wimbo wa "Mia" nilikutana nao kazini, kwenye karamu ya kumuaga mwenzetu aliyestaafu. Ulipoanza, wenzangu Waflemi wote, kuanzia mkuu wa idara hadi kijana wa stoo, waliacha mazungumzo wakaanza kuimba, ilhali sisi wa upande wa Kifaransa tulibaki tunatazamana. Siku hiyo nilitambua kwamba katika nchi hii ndogo kuna wimbo ambao nusu ya watu wanauimba bila kuutafuta kichwani na nusu nyingine hawajawahi kuusikia.

Nadhani "Mia" ndiyo iliyotoka kwanza ikaifungulia njia albamu. Na kwenye jalada nililoonyeshwa jina limeandikwa Gorky, kwa herufi y. Je, hizo ni bendi mbili?

#4 Mlezi wa Santuri (Antwerpen)

Mwana Katanga, ni bendi moja, ila historia yake ina vipindi viwili, na jambo hilo ni muhimu kwa mada hii kuliko linavyoonekana.

Ilianza kama Gorky, kwa herufi y, ikiwa na watu watatu: Luc De Vos kwenye gitaa na sauti, Wout De Schutter kwenye besi na Geert Bonne kwenye drams. Walifika fainali ya Humo's Rock Rally mwaka 1990, shindano linaloandaliwa na jarida la Humo kila baada ya miaka miwili, na mwaka huo mshindi alikuwa Noordkaap, bendi ya Stijn Meuris, ambayo nayo iliimba kwa Kiholanzi. Albamu yao ilisimamiwa studio na Wouter Van Belle. Baada ya albamu hiyo watatu hao waliachana, De Vos akaendelea na wanamuziki wengine, na jina likaanza kuandikwa Gorki, kwa herufi i. Albamu iliyofuata, "Hij leeft" ya mwaka 1993, tayari ni ya kipindi cha pili.

Kuhusu "Mia", mambo yalikwenda kinyume na unavyodhani. Haikutolewa kwanza, wala haikutolewa kama wimbo mkuu. Iliwekwa upande wa pili wa santuri ndogo ya "Lieve kleine piranha". Wimbo ambao leo unaimbwa na Flanders nzima ulianza maisha yake mahali ambapo kampuni za muziki huweka kile kilichobaki.

Kwa hiyo, Mto Leie, dai lako lina pengo. Unasema albamu haiwezi kurudiwa kwa sababu De Vos hayupo. Mimi nasema albamu ile ilikuwa kazi ya watu watatu, na De Vos mwenyewe alipopanda jukwaani na bendi ya kipindi cha pili kuimba nyimbo zile hakuwa anairudia albamu kwa maana unayoitaka wewe. Sauti ilikuwa ileile, lakini mikono ilikuwa mingine.

#5 Mto Leie (Gent)

Asante sana, Mlezi. Hoja ya mikono naipokea, lakini naitofautisha na hoja ya sauti. Ukimbadilisha mpiga besi, wasikilizaji wengi ukumbini hawatajua. De Vos hakuwa na sauti ya kupendeza kwa vipimo vya shule ya muziki: ilikuwa nyembamba, yenye lafudhi ya mtu wa Flanders Mashariki, na pengine ilionekana kama inataka kukatika. Alizaliwa Wippelgem, kijiji cha Evergem, kaskazini kidogo ya hapa Gent, na hakukificha kijiji chake alipoimba. Maneno yale yakitoka kwa mtu mwenye sauti kubwa iliyofunzwa yanageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Binti Mrima, kuhusu kumfungia mwaka 1992, hilo ni swali zuri na sina jibu la haraka.

#6 Nahodha wa Zeeland (Vlissingen)

Naomba kuuvusha uzi huu mpaka kidogo. Hapa kwetu bendi kubwa ni BLØF, iliyoanzishwa mwaka 1992, mwaka uleule wa albamu mnayoijadili. Wao pia walifikwa na msiba: mpiga drams wao, Chris Götte, alifariki mwaka 2001 kwa ajali ya pikipiki, bendi ilipokuwa tayari imeshajulikana nchi nzima. Waliendelea, Norman Bonink akashika drams, na wimbo wao wa "Zoutelande", walioutoa mwaka 2017 pamoja na Geike Arnaert kutoka Ubelgiji, ulifika nafasi ya kwanza. Hakuna aliyesema kwamba BLØF imekuwa bendi nyingine, kwa sababu sauti ya Paskal Jakobsen na mashairi ya Peter Slager vilibaki. Jambo hilo linampa nguvu Mto Leie kuhusu tofauti ya sauti na mikono.

Lakini bendi hiyohiyo inampinga katika jambo la pili, yaani hiyo heshima ya "albamu ya kwanza". Albamu ya kwanza ya BLØF ni "Naakt onder de hemel" ya mwaka 1995, na ukiwauliza watu barabarani hapa, wengi watakutajia "Helder" iliyofuata, yenye "Liefs uit Londen". Watu hawaadhimishi albamu iliyotangulia kwa tarehe, wanaadhimisha ile iliyowakuta wao.

Na kwa kuwa hapa ni kwetu Waswahili, BLØF mwaka 2006 walitoa albamu waliyoiita "Umoja", kwa lugha yetu hii, wakirekodi na wanamuziki wa nchi mbalimbali, wakiwemo wapiga ngoma wa Kodo kutoka Japani.

#7 Bi Ukindu (Dar es Salaam)

Nahodha, umenifurahisha kwa hiyo "Umoja", ingawa nilitegemea ungeniambia wamerekodi na taarab ndipo niwasamehe kwa kutonialika.

Niliishi Utrecht kwa masomo na nilirudi na mapenzi ya Doe Maar. Ni mfano ambao lazima uingie humu, kwa sababu wao ndio walioonyesha Uholanzi kwamba vijana wanaweza kuwa wazimu kwa bendi inayoimba kwa lugha ya nyumbani, tena kwa midundo ya ska na rege. Waliachana mwaka 1984 wakiwa kileleni, wakarudi mwaka 2000 na kujaza ukumbi wa Ahoy hapo Rotterdam usiku kwa usiku. Albamu yao ya kwanza ndiyo iliyowapa jina, na hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini wanarudia ya kale.

#8 Mlezi wa Santuri (Antwerpen)

Bi Ukindu, shikamoo. Kwa heshima zote, albamu ya kwanza ya Doe Maar haikuwapa jina. Ilitoka mwaka 1979 ikiitwa "Doe Maar" tu, na Henny Vrienten, ambaye watu wengi wanamwona kama uso wa bendi, hakuwemo. Wakati huo walikuwa na mpiga besi mwingine, Piet Dekker. Vrienten aliingia baadaye, na moto ulianza kuwaka na "Skunk" ya mwaka 1981, kisha "Doris Day en andere stukken" ya mwaka 1982. Nyimbo zilizojaza Ahoy ni za kipindi cha Vrienten. Mfano wako kwa hiyo unaingia katika kapu la Nahodha: ya kwanza kwa tarehe si ya kwanza kwa mapenzi.

Doe Maar wanatuletea swali la Mto Leie kwa njia nyingine. Walikuwa wamepanga ziara ya kuaga, Vrienten akaugua, ziara ikafutwa mwaka 2021, na mwaka 2022 akafariki. Ernst Jansz yupo, naye ni mwanzilishi, mtunzi na mwimbaji wa nyimbo nyingi za bendi hiyo. Bendi yenye waimbaji wawili ikimpoteza mmoja, nusu ya nyimbo bado zina mwenyewe. Gorki haikuwa na wa pili.

#9 Bi Ukindu (Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Ya mwaka 1979 sikuwahi kuishika mkononi, asante kwa marekebisho. Hata hivyo nabaki na moyo wa hoja yangu, kwamba watu walirudi Ahoy wakiimba kwa lugha yao walichokiimba utotoni, na hilo ndilo linalojaza kumbi. Kwa Kiingereza wana nyimbo za dunia nzima, ila za utoto wao kwa lugha ya mama zao ni chache, na ndiyo maana wanazishika kwa nguvu.

#10 Fundi Sauti (Leuven)

Nafanya kazi ya mitambo ya sauti kwenye kumbi ndogo na za kati, na nimeshakaa nyuma ya meza kwenye maadhimisho kadhaa ya namna hii, kwa hiyo naomba niwaeleze kinachotokea kwa vitendo, maana mjadala unazungumzia roho ya albamu bila kuugusa mwili wake.

Kwanza, albamu ya bendi za wakati ule mara nyingi ni ya dakika arobaini hadi hamsini. Mtu aliyelipia tiketi na kuegesha gari hataki kurudi nyumbani baada ya dakika arobaini, kwa hiyo kila onyesho la aina hii lina sehemu ya pili ya nyimbo nyingine, na sehemu hiyo ndiyo inayoamua watu wametoka na furaha kiasi gani. Pili, albamu hupangwa kwa ajili ya sebuleni. Nyimbo zenye nguvu huwekwa mwanzoni ili msikilizaji asiondoke, na zile za taratibu na za majaribio husogezwa nyuma. Jukwaa linataka kinyume chake: kupanda polepole na kulipuka mwishoni. Ukiipiga albamu kwa mpangilio wake, wimbo ambao watu wote wameufuata unaweza kupita wakati wengine bado wako kwenye foleni ya bia. Nimeona bendi ikiupiga wimbo wake mkubwa mara mbili, mara moja mahali pake na mara ya pili mwishoni, na hakuna aliyelalamika.

Tatu, koo huzeeka. Mwimbaji wa miaka hamsini haimbi kwa ufunguo wa miaka ishirini na tano, hivyo gitaa hushushwa nusu sauti au sauti nzima. Mkishusha, gitaa linabadilika rangi, na ule ukali wa albamu hupungua. Kwa hiyo hata bendi ambayo watu wake wote wako hai hairudii albamu kamili. Mto Leie anadai jambo ambalo hata walio hai hawaliwezi.

#11 Mto Leie (Gent)

Fundi, umeeleza vizuri sana, na hasa hilo la mpangilio sikuwahi kulifikiria. Lakini mwimbaji aliyezeeka anaposhusha ufunguo, umri wake wenyewe unakuwa sehemu ya maadhimisho. Tunamsikia mtu yuleyule akiyasema maneno yale baada ya maisha kumpitia, na anapoimba kuhusu ujana tunajua anazungumzia ujana uliokwisha. Kwa Gorki hatutalipata hilo kamwe. Anayeimba badala yake ni mgeni mwenye umri wowote ule, na miaka iliyopita haisikiki kooni mwake.

#12 Kijana wa Ledeberg (Gent)

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi nimezaliwa hapa, wazazi wangu walitoka Bujumbura, na albamu hii ni kubwa kuliko mimi kwa umri. Nasoma uzi huu naona wote mnaizungumzia kama kitu cha watu waliokuwa vijana mwaka 1992. Mimi "Mia" niliijua kwa skauti, tukiimba kambini na gitaa lenye nyuzi zisizotimia, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amezaliwa ilipotoka. De Vos nilimjua kwanza kama mtu wa televisheni na mwandishi wa makala na vitabu, mtu mcheshi mwenye aibu, na baadaye ndipo nikagundua kwamba ndiye mwenye wimbo ule.

Kwangu mimi albamu haikuwahi kuwa na mpangilio wa nyimbo, wala jalada, wala herufi y. Kwa hiyo mnaposema "kuirudia", nauliza: sisi ambao hatukuwepo mwanzoni tunairudia wapi?

#13 Mlezi wa Santuri (Antwerpen)

Swali la kijana ni zito, na linanirudisha kwenye jambo ambalo bado halijajibiwa: kwa nini wimbo wa upande wa pili wa santuri umekuwa wimbo wa taifa usio rasmi? Nimesikia maelezo kadhaa, na mimi nashikilia la redio. Kituo cha redio cha Studio Brussel kina orodha yake ya mwisho wa mwaka iitwayo De Tijdloze, nyimbo mia moja zinazochaguliwa na wasikilizaji, tangu miaka ya 1980. Karibu zote ni za Kiingereza. "Mia" imekuwa humo mwaka baada ya mwaka na imewahi kushika nafasi ya kwanza mbele ya Nirvana na Led Zeppelin. Wimbo unaosikika kila mwisho wa mwaka, watu wakiwa likizo na redio iko wazi jikoni, unapata wasikilizaji wapya hata kama bendi haijatoa kitu. Kijana wa Ledeberg na skauti wenzake waliupata kupitia kwa kaka na dada zao, ambao nao waliupata kwenye orodha hiyo.

#14 Binti Mrima (Rotterdam)

Mlezi, orodha inachaguliwa na wasikilizaji wenyewe, kwa hiyo umeeleza jinsi mapenzi yanavyodumu lakini hujaeleza yalikoanzia. Redio haikuwalazimisha.

Mimi naona siri iko kwenye mashairi. Nimeyasoma kwa makini kwa sababu mwalimu wetu wa Kiholanzi wa jioni alitupa wimbo huo kama zoezi. Kila sentensi ni rahisi kiasi cha mtoto kuielewa, lakini sentensi hizo zikikaa pamoja hazielezeki. Kuna mwanamke aliyepata mwanga, kuna wenye maduka wanaotawala nchi, kuna Elvis anayedumu wakati nyota wengine wanapita. Darasani tulikuwa watu wa mataifa mengi, na kila mmoja alitoa maana yake: mwenzetu mmoja aliona wimbo wa dini, mwingine aliona siasa, mwalimu mwenyewe alisema ni wimbo wa kuwafariji walioshindwa. Wimbo wenye nafasi hiyo ndani yake hauchakai, kwa sababu kila anayeuimba anaweka chake.

#15 Mwana Katanga (Brussels)

Nimefuatilia kwa makini. Je, hatuwezi kusema kwa ufupi kwamba kifo ndicho kilichoufanya kuwa mkubwa? Msanii akifariki ghafla na mapema, watu huzirudia nyimbo zake kwa macho mengine, na albamu ya kwanza, iliyotoka akiwa kijana, inageuka kuwa picha ya ukutani.

#16 Mto Leie (Gent)

Hapana, ndugu yangu, hilo nalipinga. Tuzo kuu za muziki za Flanders zinaitwa MIA's. Herufi hizo ni kifupi cha jina refu la Kiingereza, lakini zinaugusa wimbo huo pia, na tuzo hizo zilianza miaka kadhaa kabla ya kifo cha De Vos. Watu hawazipi tuzo za nchi jina linalofanana na wimbo ambao bado haujawa mkubwa. Alikuwa hai, akipita mitaani hapa Gent, na aliona mwenyewe jinsi wimbo wake ulivyomzidi. Kifo kilibadilisha jambo moja tu: kabla ya hapo watu waliuimba pamoja naye, na sasa wanauimba kwa ajili yake.

#17 Fundi Sauti (Leuven)

Naongeza maelezo ya nne, ya kifundi, na naomba msiyadharau. "Mia" ina mwendo wa taratibu, kibwagizo chake hakihitaji koo kubwa, na sauti zake haziendi juu sana wala chini sana. Umati wa watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake, unaweza kuuimba wote kwa pamoja bila mtu kushindwa. Nyimbo nyingi nzuri hufa ukumbini kwa sababu umati hauwezi kuzifikia. Nimepiga rekodi ya wimbo huo kama muziki wa kufungia usiku baada ya bendi nyingine kabisa kumaliza, na watu waliokuwa wameshavaa makoti walisimama wakaimba hadi mwisho.

Na hapa naona njia kwa mleta mada. Kama tatizo ni koo la mgeni, msiweke mgeni. Bendi ipige kwa gitaa, besi na drams kama ilivyokuwa mwaka 1992, kipaza sauti cha mbele kiachwe wazi, na ukumbi wa watu elfu mbili, kama Ancienne Belgique pale Brussels, uimbe albamu yote.

#18 Binti Mrima (Rotterdam)

"Mia" wataiimba, "Anja" wataiimba. Zile nyimbo nyingine ambazo si watu wengi wanaozijua je? Fundi, utapata dakika arobaini zenye vilele vitatu au vinne na mabonde marefu ya kimya katikati. Albamu yote haijulikani kwa moyo, hata Gent. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo anahitajika mtu wa kuongoza.

#19 Kijana wa Ledeberg (Gent)

Naungana na Binti Mrima kwa sehemu, ila si lazima awe mtu mmoja. Waimbe kumi, kila mmoja wimbo wake, wazee na vijana, na ikiwezekana awemo anayeimba kwa lafudhi ya Ledeberg kama mimi. Hakuna hata mmoja atakayechukua nafasi ya De Vos, kwa sababu atakuwa na dakika nne tu.

#20 Nahodha wa Zeeland (Vlissingen)

Wazo hilo lina hatari yake, kijana. Waimbaji kumi wakipokezana wanageuza onyesho kuwa hafla ya heshima, na hafla ya heshima huwa na tabia ya kila mwimbaji kutaka kuonyesha kwamba dakika zake nne ni za pekee. Kinachokosekana ni ule mfululizo wa mtu mmoja anayehangaika na mawazo yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa maelezo ya Mto Leie mfululizo huo ndio albamu yenyewe. Ningependelea mtu mmoja asiye na jina, asiye na sauti kubwa, aliyezoea kuimba kwenye baa za Gent.

#21 Mwana Katanga (Brussels)

Nahodha, huyo asiye na jina akiimba usiku mmoja tu katika ukumbi wa namna hiyo, kesho yake ana jina, na watu wataanza kumlinganisha.

#22 Mto Leie (Gent)

Nimesoma michango yote na nashukuru. Pendekezo la Fundi limenigusa kuliko nilivyotegemea, na pingamizi la Binti Mrima kwamba watu hawazijui nyimbo zote ni la kweli: jana usiku nilijaribu kuziimba zote kwa mpangilio bila kuangalia, na katikati nilikwama. Bado naamini kwamba sauti ile haina mbadala. Lakini Mlezi alisema jambo ambalo sijaweza kulijibu, kwamba watatu wale waliachana mapema na De Vos mwenyewe aliishi miaka yote iliyobaki akiziimba nyimbo hizo na watu wengine. Kama yeye aliona kwamba zinaweza kubeba mikono mipya, sijui kwa nini mimi nizikatalie koo jipya.

#23 Mlezi wa Santuri (Antwerpen)

Kwa sababu mikono aliichagua yeye, Mto Leie. Koo jipya atakuwa amelichagua mtu mwingine. Hapo ndipo mimi na wewe tunakubaliana, na hapo ndipo nategemea Binti Mrima atapinga.

#24 Binti Mrima (Rotterdam)

Napinga. Skauti wa Kijana wa Ledeberg hawakuchaguliwa na mtu yeyote, na wameimba tayari.